Njia Kavu ya Wodi ya Uzazi

Ninyi mnaosukuma mashine za kusafishia vigae kwenye majumba ya vioo, masikio mmeyaziba kwa muziki, nawaona. Nikipita mlangoni mlinzi hunitazama mara mbili, kwa sababu mzee anayeingia pale bila kuangalia duka hata moja lazima ana jambo. Jambo langu ni sakafu. Naangalia mahali mashine yenu ilipokata kona ikaacha alama kama kipande cha mwezi, nacheka peke yangu. Msione haya kwa alama hiyo. Mimi nina alama moja ninayotaka kuwaelezea, ila mnivumilie: kazi yangu ilikuwa ya kwenda kinyumenyume, na hadithi zangu nazo zimejifunza mwendo huo.

Naitwa Wafula. Naishi Kawangware, chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nilikuwa mpiga polishi katika hospitali ndogo ya uzazi nyuma ya Riruta Satellite, kutoka ujana wangu mpaka milango yake ilipofungwa. Niliofanya nao kazi wamekufa au wamerudi makwao, isipokuwa mmoja: Sista Halima, mkunga, anayekaa kwa binti yake Kambi Muru, Kibera. Ndiye mtu pekee aliyebaki aliyewahi kuniona nimepiga magoti kwenye sakafu ile. Na hanijui tena. Kumbukumbu zimemtoka kama rangi inavyotoka ukutani, vipande kwa vipande.

Kwanza kazi yenyewe, maana hamtaielewa alama kama hamkuelewa sakafu.

Saruji nyekundu haina urembo wake. Ukiiacha hufifia ikawa kama udongo wa barabarani. Mng'ao wake wote hutoka mkononi mwa mtu. Polishi ikiganda usiichokoe kwa kisu. Weka kopo juani, nenda kanywe chai, ukirudi imelegea yenyewe. Paka nyembamba. Mwanagenzi hupaka nyingi akidhani ndiyo kung'aa, kumbe ametengeneza tope la kunasa vumbi na nzi. Sugua kwa brashi ya mkonge, halafu kwa kipande cha blanketi kuukuu. Mwisho unamleta ng'ombe. Ng'ombe lilikuwa sanduku zito la chuma lenye mpini mrefu, limefungwa blanketi chini. Tuliliita hivyo kwa sababu halikuwahi kwenda popote bila kusukumwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Musyoka, mtu mwembamba, magoti yake magumu kama soli ya kiatu. Siku yangu ya kwanza nilianza mlangoni, nikaenda mbele kwa bidii hadi nikajikuta dirishani, sakafu mbichi yote iko kati yangu na dunia. Musyoka alisimama mlangoni akanitazama.

"Wafula," akasema, "chagua kitanda."

"Kwa nini, mzee?"

"Si umeamua kulala humu na akina mama? Chagua mapema, nimwambie metroni akuletee uji."

Tangu hapo nilianzia dirishani na kumalizia mlangoni, mgongo mbele. Alinifundisha pia kwamba sakafu haikaguliwi ukiwa umesimama. Unalaza shavu karibu na ardhi, unaangalia mwanga unavyosafiri. Mahali mwanga unapojikwaa, ndipo hujamaliza.

Sasa, vijana mna sifa ya kutaka kumaliza kila kitu, nami nilikuwa hivyo. Ilitangazwa kwamba wageni wakubwa wangekuja kukagua hospitali, nikaamua waone nyuso zao sakafuni. Nilipiga polishi wodi yote, ukuta kwa ukuta, nikaisugua mpaka vitanda vikaonekana kusimama juu ya maji. Asubuhi wageni wakaingia na tai zao. Metroni, mwanamke mkubwa mwenye heshima zake, akatokea leba, chumba cha kujifungulia, na beseni la vyombo mikononi ili awasalimie. Hakusimama. Alipita mbele yao kama basi lililokatika breki, uso umetulia kabisa, akasema "Karibuni" akiwa tayari ameshawapita, akaenda kupokewa na pazia la dirisha la mwisho. Mama mmoja aliyekuwa na uchungu mkali alicheka mpaka mtoto akaja. Wenzake walisema mtoto yule lazima aitwe Karibuni.

Metroni alitaka nifukuzwe. Aliyeniokoa ni Sista Halima, wakati huo bado msichana, Mnubi wa Kibera, sauti yake ndogo lakini ikiingia chumbani wote wananyamaza. Hakunitetea kwa maneno mengi. Alichukua chaki, akachora mistari miwili iliyonyooka, kutoka mlango wa leba hadi dirisha kubwa lililo mwisho wa wodi, akaacha katikati nafasi ya watu wawili kutembea bega kwa bega.

"Hapa katikati usipake kitu," akaniambia. "Huku pembeni ng'arisha mpaka ushibe. Lakini hapa ni njia ya mama zangu. Iwe kavu."

Kwa sababu Sista Halima alikuwa na namna yake. Wakunga wengine walimlaza mwanamke, yeye alimtembeza. Alimshika mkono, kiwiko ndani ya kiwiko, miguu mitupu wote wawili, wakaenda polepole hadi dirishani na kurudi, hadi dirishani na kurudi, mpaka saa yake ifike. Na kila baada ya hatua chache alimwuliza, "Unaitwa nani, mama?"

Niliwahi kumwuliza kwa nini anauliza jina ambalo ameshaambiwa. Alikuwa akinawa mikono, hakugeuka.

"Uchungu ukizidi, Wafula, mtu anasahau kwamba ni mtu. Anadhani yeye ndiye uchungu. Ukimwuliza jina, anarudi kidogo."

Alipojibiwa hakutoa ahadi kubwa. Hakusema "utajifungua salama" wala "karibu itaisha." Alisema tu, "Basi, Atieno, tufike dirishani." "Basi, Wambui, tufike dirishani tu." Dirisha lilikuwa pale, mtu analiona. Ahadi ya namna hiyo haimshindi mtu.

Hata mke wangu, Rosa, alipita njia ile. Asubuhi hiyo nilikuwa ushorobani na brashi, nikijifanya nasugua. Wanaume hatukuruhusiwa kusimama wodini akina mama wanapotembezwa, na tulipovuka njia kavu tuliiruka, ng'ombe begani, tusiiachie polishi. Kwa hiyo nilisikia tu.

"Unaitwa nani, mama?"

"Rosa."

Miguu inaburuta. "Unaitwa nani, mama?"

"Rosa!"

Kisha tena. "Sista Halima," Rosa akapaza sauti, "si ulikuja harusi yangu ukala nyama mpaka ukafunguliwa zipu! Rosa! Rosa!"

"Basi, Rosa, tufike dirishani tu," akasema yule mwingine, nikasikia wote wawili wanacheka, kisha Rosa akaacha kucheka, nami nikasugua mahali pamoja mpaka Musyoka akanivuta kola. Binti yetu alizaliwa kabla ya chakula cha mchana. Sasa yuko ng'ambo, na kaka yake yuko Eldoret, na Rosa yuko chini ya udongo wa kwetu Bungoma. Ndiyo maana nina muda wa kukagua sakafu za watu.

Hospitali haikufa siku moja. Waliokuwa wakiitegemeza walichoka, dawa zikapungua, paa likaanza kuvuja upande mmoja, halafu tukaambiwa twende nyumbani tusubiri. Bado tunasubiri, sisi tulio hai. Vitu vikatoka vyenyewe kwa miguu ya watu. Niliwahi kuwa Soko la Toi nikitafuta koti, nikamwona mama akibembeleza bei ya beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, apandie vitunguu. Beseni la leba lile. Nililijua kwa pengo lililo ukingoni. Nikatamani kumwambia ni nani walioshikwa mara ya kwanza juu ya beseni hilo, halafu nikaona vitunguu havina kosa. Nikanunua koti nikaenda.

Nilipobaki peke yangu nilianza kwenda kule. Sitawadanganya kwamba kila kilichooza ni kizuri. Vyoo vilinuka, mavi ya popo yalijaa bafuni, na mahali vitasa vilipong'olewa milango ilibaki na matundu kama macho yaliyotolewa. Lakini kulikuwa na saa moja asubuhi, jua likiingia kwa mapengo ya vigae vya paa, ambapo wodi ile ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote niliowahi kuing'arisha. Rangi ilikuwa imebanduka, chini ya ile ya maziwa ukaona ya kijani, chini ya kijani ukaona ya buluu, kila tabaka na watu wake. Mkuyu mdogo ulikuwa umeota kwenye mfereji wa paa ukateremsha mizizi ukutani kama mishipa mkononi mwa mtu mzee. Dirisha kubwa halikuwa na kioo wala fremu. Njiwa waliingia humo na kutoka bila kuomba ruhusa ya metroni. Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti, nakula mkate wangu, na hakuna aliyenisemesha, na hilo halikuniuma kama linavyoniuma nikiwa katikati ya watu.

Ijumaa moja asubuhi, baada ya mvua za masika, nikafanya kama Musyoka alivyonifundisha. Nikapiga magoti, ikachukua muda, nikalaza shavu karibu na ardhi, nikaangalia mwanga. Pembeni, chini ya vumbi na vinyesi, polishi yangu bado ilikuwepo. Maji yalisimama juu yake kwa matone ya mviringo, yamekataa kuingia. Lakini katikati, pale tusipopaka kitu miaka yote ile, pale palipolika kwa nyayo, saruji ilikuwa imekunywa maji ya kila mvua. Na mahali pote ilipokunywa, kilikuwa kimeota kile kijani kilaini kinachoota kwenye mawe ya mtoni, kifupi, kizito, kama manyoya ya kifaranga. Kingo zake zilinyooka kama zimekatwa kwa mkasi. Kutoka mlango wa leba hadi dirishani.

Ilikuwa mistari ya chaki ya Sista Halima. Chaki ilifutika siku ileile. Njia ndiyo iliyoota.

Nilibaki pale chini hata baada ya magoti kuniambia niamke.

Kila Ijumaa nilikuwa nikienda Kambi Muru kumsalimia. Binti yake, Zena, anauza viatu vya mitumba Toi, mtu mkarimu, amechoka. Ijumaa hiyohiyo nilimkuta ameketi uani, Sista Halima anatembea. Anatoka langoni, anakwenda hadi kwenye tangi la maji, anageuka, anarudi. Mkono wake wa kulia umekunjwa, umeshikilia hewa.

"Sasa, Mzee Wafula," akasema Zena. "Karibu. Mama, kaa chini basi, mgeni amekuja."

"Kaa wewe. Mimi niko kazini." Akanitazama. "Na huyu mwanamume anafanya nini humu? Mwambie asimame nje."

"Ni Wafula, Sista," nikasema. "Wa sakafu."

"Simjui."

Zena alisubiri mama yake afike kwenye tangi. "Ndivyo anavyoshinda," akaniambia. "Juzi alitoka, tukampata kule chini karibu na reli, bado anatembea. Mzee, treni ingemkuta nitasema nini kwa watu? Nimenunua kufuli. Nikienda soko namfungia chumbani. Jirani anasema anamsikia mchana kutwa, anatembea humo ndani, anagonga ukuta, anageuka, anagonga ukuta."

Hakulia. Alikuwa ameshapita mahali pa kulia.

"Zena," nikasema, "mama yako hajapotea. Najua anakokwenda."

Nikamweleza njia kavu. Nilimwomba aniruhusu nimpeleke, aione mara moja kabla haijaondoka, kwa maana soja wa kule, mlinzi aitwaye Kibet, alikuwa ameshaniambia asubuhi ile: "Mzee, kila siku uko hapa. Kwani uliacha nini?" Nikamwambia, sakafu. "Haya, ukiipata uibebe haraka. Wiki ijayo tingatinga linakuja, wanajenga ghorofa."

Zena akageuka kumtazama mama yake. "Na akianguka huko kwenye magofu?"

"Haanguki. Njia ile aliichora yeye."

Sikumwambia lililobaki, nitawaambia ninyi. Nilikuwa na tamaa. Nilidhani akiiona wodi, akiikanyaga, kila kitu kitamrudia kwa mpangilio wake, dirisha, metroni, beseni, na mwisho wa foleni nami nitakuwapo, kijana na brashi. Nilitaka mtu mmoja anitazame aseme, "Wafula, umezeeka." Hilo tu. Mkiwa na umri wenu hamjui kwamba mtu anaweza kulitamani neno kama hilo.

Tulikwenda Jumapili, kwa gari la jirani yao. Kibet alifungua lango akamsaidia kupita kwenye kokoto. "Polepole, shosh. Hapa hakuna haraka, ni popo tu." Tulipofika mlango wa leba Sista Halima akasimama. Aliangalia juu, kwenye mapengo, mwanga ukimwangukia usoni.

"Nani ametoa paa?" akauliza. "Metroni anajua?"

"Anajua, mama," akasema Zena, akajifuta pua.

Nikasogea mbele. Nilikuwa nimevaa koti langu zuri. "Sista Halima. Mimi ni Wafula. Nilikuwa napiga polishi hapa. Ulichora chaki, unakumbuka? Siku metroni alipoteleza."

Alinitazama machoni, vizuri kabisa, kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekuuliza njia mtaani.

"Simjui huyu," akamwambia Zena.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Niliangalia kando, kwenye mizizi ya mkuyu, mpaka nilipoweza kuangalia tena.

Ghorofa lile sasa linapanda. Nilipita juzi, lina orofa nyingi, na vijana wako juu wanapigiana kelele. Kibet amehamia kazi nyingine. Na kule Kambi Muru, Zena ameliuza lile kufuli. Amechora chokaa, mistari miwili, kutoka kwenye tangi hadi dirisha la jikoni, na jirani hukaa hapo na mchele wake wa kuchambua, Zena akiwa sokoni. Sista Halima hatoki tena nje ya mistari. Watoto wa ua wanapanga zamu ya kushikwa mkono. Wanaulizwa majina yao mara mia wanacheka, wanajibu, wanapelekwa dirishani. Mimi huenda bado kila Ijumaa. Bado hanijui.

Lakini nilisema nitawaelezea alama, na bado sijafika mwisho wake.

Siku ile wodini, baada ya kusema hanijui, aliangalia chini. Akaiona ile njia ya kijani. Hakushangaa hata kidogo. Akainama, akavua viatu, akaviweka sawasawa kando ya mlango, ncha zikitazama nje, kama alivyofanya siku zote. Akaweka unyayo mmoja juu ya ule ulaini, kisha wa pili. Mabega yake yakashuka. Akakunja kiwiko.

Zena akasogea ampe mkono. "Si wewe," akasema mama yake. "Wewe bado." Akanyoosha kidole kwangu. "Yule. Amechoka. Vua viatu."

Mimi sikuwahi kuikanyaga njia ile. Niliipitia pembeni miaka yote, magotini, nikaing'arishia kingo, nikairuka na chuma begani. Nilivua viatu. Kijani kilikuwa baridi, kina maji, kikazama kidogo chini ya vidole vyangu. Akaingiza mkono wake ndani ya kiwiko changu, mkono mwepesi wenye nguvu zilezile, tukaanza kwenda.

"Pumua," akaniambia. "Polepole. Hakuna anayetukimbiza."

Nikapumua. Pembeni yetu matone yalisimama juu ya polishi, kila moja na kipande chake cha anga. Njiwa walinyamaza. Tulipofika katikati akasimama, akageuza uso wake kwangu, ukiwa karibu sana.

"Unaitwa nani, mama?"

Nilifungua kinywa kusema Wafula. Nilikuwa nimemwambia mara ngapi, kwa Ijumaa ngapi. Nikaona halina haja tena.

"Rosa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanikaza mkono.

"Basi, Rosa," akasema, "tufike dirishani tu."

Dirisha halikuwepo. Palikuwa na tundu kwenye ukuta, na majani ya mkuyu, na mwanga. Tukafika.